Flash Imekufa, Faili Lako Halijafa: Namna ya Kufungua Masomo na Michezo ya Zamani

"Fundi, flashi imekufa."

Mwalimu alisema hivyo hata hajaketi, nami nikanyoosha mkono nikitegemea kupewa kile kidude cha USB. Akanipa CD ya masomo. Ndiyo shida ya neno hili mtaani kwetu: flashi ni ya kubebea mafaili, kuflashi ni kuiwekea simu programu upya, na aliyoizungumzia yeye ni ile Flash ya kwenye kivinjari, iliyokuwa ikichezesha katuni, michezo na masomo yenye picha zinazotembea.

"Shikamoo, mwalimu. Ukiifungua inaleta nini?"

"Marahaba. Inaleta kiboksi cha kijivu, basi. Kwenye kompyuta ya zamani moyo ulikuwa unapiga, damu inazunguka, watoto wanashangilia. Hii mpya, kiboksi."

Haya hapa chini ni yale niliyoyafanya kwa CD ya mwalimu, pamoja na mengine niliyokutana nayo kwa wateja wengine. Kabla hatujaanza, shika jambo moja: usitafute Flash Player. Tafuta faili. Redio ya kaseti ikiungua, wimbo haujaungua. Uko kwenye kaseti, unasubiri chombo kingine cha kuusoma.

Kilichoiua

Flash ilianza kama FutureSplash Animator, kazi ya kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa FutureWave. Macromedia waliinunua mwishoni mwa 1996 wakaipa jina la Flash, kisha mwaka 2005 Adobe wakainunua Macromedia yenyewe. Kivinjari cha enzi hizo kilijua maandishi na picha tuli, zaidi ya hapo kilihitaji kusaidiwa. Flash Player ilikuwa msaidizi huyo, programu-jalizi unayoichomeka kwenye kivinjari. YouTube ilipoanza mwaka 2005 video zake zilipita humo humo.

Mwaka 2007 ikaja iPhone bila Flash. Aprili 2010 Steve Jobs, bosi wa Apple wanaotengeneza iPhone, akaandika barua ya wazi kueleza sababu: betri, usalama, kukwamakwama, na kwamba vitu vya Flash vilitengenezwa kwa kipanya, havikutengenezwa kwa kidole. Novemba 2011 Adobe wakaacha kuiendeleza Flash ya kivinjari cha simu. Watu wengi husema Jobs ndiye aliyeiua. Mimi naona anapewa sifa nyingi mno. Kilichoimaliza ni matundu ya usalama: kila mara linazibwa moja, linaonekana jingine. Julai 2015 kampuni ya Italia iliyokuwa ikiuza zana za udukuzi, Hacking Team, ilidukuliwa yenyewe, na ndani ya mafaili yaliyovuja mkakutwa mbinu za kuingilia kompyuta kupitia Flash ambazo Adobe hawakuwa wakizijua. Siku chache baadaye Firefox ikaizuia Flash kwa muda hadi irekebishwe. Mwanzoni mwa mwaka huo huo YouTube ilikuwa imekwishahamia HTML5, yaani kivinjari kinacheza video chenyewe bila msaidizi.

Tarehe 25 Julai 2017 Adobe wakatangaza kwamba mwisho ni Desemba 2020. Na kweli: 31 Desemba 2020 huduma ikakoma, na kuanzia 12 Januari 2021 Flash Player yenyewe ikakataa kucheza kitu. Matoleo ya mwisho yalikuwa yamewekewa tarehe ndani yake, ikifika yanajifunga. Mwezi huo huo Chrome na Firefox zikaitoa kabisa.

Kuna mafundi waliokuwa wakirudisha saa ya kompyuta nyuma hadi 2020 ili Flash idanganyike. Inadanganyika, ndiyo. Ila tovuti nyingine zinaanza kukataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Mteja anaondoka na Flash, anarudi kesho hana barua pepe.

Hatua ya kwanza: safisha mabaki

Kama kompyuta ni ya kabla ya 2021, huenda Flash Player bado imo. Fungua Control Panel, ingia kwenye orodha ya programu, tafuta jina la Adobe Flash Player, uiondoe. Microsoft nao walitoa sasisho la kuiondoa Flash kwenye Windows, namba yake KB4577586, lakini hilo huondoa tu ile iliyokuja na Windows. Ile uliyoiweka mwenyewe kwa kuipakua hubaki palepale. Ukimaliza, angalia kama folda ya C:\Windows\System32\Macromed\Flash imebaki na kitu, na kwenye Windows ya biti 64 uangalie pia SysWOW64\Macromed\Flash. Ukikuta mabaki, futa.

Kisha, na hili nalirudia kwa kila mteja: ukurasa wowote unaokuambia leo "sasisha Flash Player" ni wa mwizi. Hakuna sasisho la Flash kwa mtu wa kawaida tangu Desemba 2020. Hata ilipokuwa hai, hiyo ndiyo ilikuwa nguo ambayo virusi walipenda kuivaa. Oktoba 2017 kirusi cha Bad Rabbit kilisambaa Urusi na Ukraine kikijifanya sasisho la Flash. Aliyebofya alikuta mafaili yake yamefungwa na anadaiwa pesa ili yafunguliwe.

Hatua ya pili: litafute faili

Faili la Flash lina mkia wa .swf. Windows ina tabia ya kuficha mikia ya majina, kwa hiyo ingia kwenye folda yoyote, bofya View, uweke alama kwenye File name extensions. Halafu kwenye kisanduku cha kutafutia andika *.swf na usubiri.

CD ya mwalimu ilikuwa na index.html, folda tisa kuanzia sura1 hadi sura9, na faili moja kubwa kidogo liitwalo menyu.swf. Nilifungua index.html kwa Notepad. Ndani kulikuwa na mistari mingi, lakini uliokuwa na maana ni mmoja tu:

<embed src="menyu.swf" width="800" height="600">

Mstari huo unakwambia mlango uko wapi: ukurasa wenyewe ni fremu, kilicho ndani ni menyu.swf. Na menyu.swf nayo haibebi masomo. Inayaita kutoka kwenye folda zile tisa kila unapobofya sura. Ndiyo maana mwalimu alipojaribu mwenyewe kunakili menyu.swf peke yake kwenda kwenye eneo-kazi hakupata kitu. Nakili CD nzima na folda zake zote kama zilivyo, usibadilishe jina hata moja, wala usipange upya kwa kupendeza macho.

Kama kilichopotea kilikuwa kwenye tovuti na tovuti imekufa, jaribu Wayback Machine ya Internet Archive, ghala la mtandaoni linalotunza nakala za kurasa za zamani. Weka anwani ya zamani, chagua mwaka, fungua ukurasa, kisha angalia chanzo chake utafute neno swf. Mara nyingi faili limehifadhiwa. Mara nyingine ni ukurasa tu uliobaki, faili halikuchukuliwa, na hapo hamna ujanja.

Hatua ya tatu: lipime faili lenyewe

Hii ni sehemu ninayoipenda, na mafundi wengi hawaijui. Bofya faili la .swf kwa kitufe cha kulia na ulifungue kwa Notepad. Utaona takataka za alama zisizosomeka, lakini soma herufi tatu za mwanzo kabisa. Zikiwa FWS, ni faili la Flash lisilobanwa. CWS ni faili lililobanwa, na haya ndiyo mengi. ZWS ni la miaka ya mwisho, limebanwa kwa njia nyingine. Yote matatu ni mafaili halisi ya Flash.

Ukiona kitu kingine, hilo si faili la Flash hata kama mkia unasema hivyo. Nimewahi kuletewa "mchezo" wa .swf ambao mwanzo wake ulikuwa <!DOCTYPE html. Mtu alikuwa amepakua ukurasa wa kosa wa tovuti bila kujua. Ukikuta herufi MZ, simama hapo hapo: hiyo ni programu ya Windows iliyopewa jina la uongo, ifute. Funga Notepad bila kuhifadhi chochote, maana ukihifadhi umeshaliharibu.

Hatua ya nne: Ruffle

Ruffle ni programu ya bure inayosoma mafaili ya Flash bila kutumia hata kipande cha Flash Player ya Adobe. Imeandikwa upya kutoka mwanzo kwa lugha ya Rust, na chanzo chake kiko wazi kwa kila mtu. Inapatikana ruffle.rs. Usiichukue kwingine.

Kwa mtumiaji wa kawaida iko ya aina mbili. Ya kwanza ni kiendelezi cha kivinjari kwa Chrome, Edge na Firefox, ambacho kinafaa kwa tovuti za zamani zilizobaki na vitu vya Flash. Ya pili ni programu inayojitegemea kwenye kompyuta, na kwa mafaili yaliyoko kwenye CD au diski nakushauri hiyo. Vivinjari vya leo havipendi ukurasa uliofunguliwa kutoka kwenye diski uite mafaili mengine, kwa hiyo menyu itafunguka halafu sura zitagoma, na utafikiri Ruffle ni mbovu.

Pakua ya Windows, ifungue zip, bofya ruffle.exe, kisha uchague menyu.swf kutoka kwenye ile folda uliyonakili. Huenda ikakuuliza kama faili hili liruhusiwe kusoma mengine. Kama CD unaijua ilikotoka, ruhusu.

Moyo wa kwenye CD ya mwalimu ulianza kupiga kwenye jaribio la kwanza. Nilifungua sura3, kuna mchoro wa moyo umepasuliwa katikati, chumba cha kulia kina damu ya bluu iliyokoza, cha kushoto nyekundu, na ukipeleka kipanya juu ya vali jina lake linatokea. "Huyu ndiye!" akasema, kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni.

Kwenye simu ya Android unaweza kutumia Firefox na kiendelezi cha Ruffle. Inafanya kazi, ila hapo ndipo utakapomkumbuka Jobs: jina la vali linatokea kipanya kikipita juu yake, na kidole hakina kupita juu, kina kugusa tu. Michezo ya vitufe vya mishale ndiyo kabisa.

Hatua ya tano: likigoma

Flash ilikuwa na lugha yake ya programu, ActionScript. Mafaili yenye ActionScript 1 na 2 Ruffle inayafungua vizuri sana. ActionScript 3 ilikuja na Flash Player 9 mwaka 2006, ni ngumu zaidi, na mengine ya humo bado yanasumbua. Kwa hiyo faili likigoma, kwanza pakua toleo jipya zaidi la Ruffle, maana hutolewa mara kwa mara, na kilichogoma mwaka jana huenda kikafunguka leo.

Pili, angalia kama ulichokuwa unakitaka ni video tu. Mafaili mengi ya .swf yalikuwa ni vitufe vya kuchezesha na kusimamisha, na video yenyewe imekaa pembeni ikiwa na mkia wa .flv. Achana na swf, fungua ile flv kwa VLC, programu ya bure ya kuchezesha video. Ukitaka iingie kwenye simu au runinga, ibadilishe kwa FFmpeg, programu ya kubadilisha video inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i somo.flv somo.mp4

Tatu, CD nyingine zina faili la .exe lililobeba Flash Player na somo pamoja. Hizo mara nyingi hufunguka mpaka leo bila kuongeza chochote, kwa sababu ile tarehe ya kujifunga haimo. Ipitishe kwenye antivairasi kwanza, na uzime intaneti wakati unaitumia.

Nne, na hii ni ya wenye subira, ipo programu ya bure iitwayo JPEXS Free Flash Decompiler. Inalipasua faili la swf na kukuonyesha vilivyomo: picha, sauti, maandishi, maumbo, hata maagizo ya ActionScript. Unaweza kuvitoa kimoja kimoja ukavihifadhi. Kama wewe ni mwalimu na unataka mchoro na sauti tu, hii inakutosha. Inahitaji Java kwenye kompyuta. Mwenye faili la .fla, yaani lile la mtengenezaji kabla halijawa swf, yeye ana bahati kubwa: Adobe Animate, ambayo ni Flash Professional iliyobadilishwa jina mwaka 2016, hulifungua na kulitoa kama HTML5, ingawa maagizo ya ActionScript hayahami yenyewe, yataandikwa upya kwa JavaScript.

Kwa wanaotafuta michezo

Kama huna faili na unachotafuta ni mchezo ulioucheza kwenye kafe ya intaneti ukilipia nusu saa, usihangaike. Mradi wa Flashpoint umekusanya michezo na katuni zaidi ya 100,000 za enzi hizo. Chukua toleo la Infinity, linalopakua mchezo pale tu unapoubofya. Toleo la Ultimate linabeba kila kitu, na ukubwa wake unapita diski za kompyuta nyingi tunazozitengeneza huku. Internet Archive nao tangu Novemba 2020 wana mkusanyiko unaochezwa ndani ya kivinjari kwa Ruffle. Lakini michezo iliyotegemea seva za mwenyewe haitarudi. FarmVille ya Facebook ilifungwa siku ile ile Flash ilipokufa, na shamba lako limekwenda na mihogo yake.

Kwa mwenye tovuti yenye vitu vya Flash

Ruffle ina fungu la tatu, la kuweka kwenye tovuti. Pakia folda yake kwenye seva yako, kisha ongeza mstari huu kwenye ukurasa:

<script src="/ruffle/ruffle.js"></script>

Mgeni wako hahitaji kuweka kitu chochote. Hata wa iPhone ataona, jambo ambalo Flash yenyewe haikuwahi kulifanya. Mambo mawili huwakwamisha watu hapa. Seva lazima itume mafaili ya .wasm, yaliyomo kwenye folda ya Ruffle, kwa aina ya application/wasm, na kama haifanyi hivyo mwombe anayekuhifadhia tovuti airekebishe. La pili ni majina: Windows haijali kama umeandika Moyo.swf au moyo.swf, lakini seva nyingi ni Linux, nayo inajali. Nilipoteza mchana mzima kwa herufi kubwa moja.

Masomo ya sayansi usiyakarabati kabla hujaangalia kama yameshatengenezwa upya. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, ulioanzishwa mwaka 2002, ulikuwa na majaribio ya Flash na ya Java. Mengi sasa ni ya HTML5, yanafunguka hata kwenye simu, unaweza kuyapakua ukayatumia bila intaneti, na baadhi yana tafsiri ya Kiswahili.

Kwa ofisi yenye mfumo unaotegemea Flash nina maneno machache. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, iliingia Januari 2021 ikiwa bado na fomu za kodi za Flash, ikalazimika kutoa kivinjari chake yenyewe chenye Flash ndani ili walipakodi wazijaze. Serikali inaweza kumudu hilo kwa muda. Wewe toa taarifa zako kwenye mfumo huo wakati bado kuna kompyuta moja ya zamani inayoufungua, iliyochomolewa mtandaoni, uhamie kwingine.

Tukirudi kwa mwalimu: sura nane zilifunguka. Sura ya saba, ya figo, ilileta skrini nyeupe kwenye Ruffle, toleo jipya nalo likaleta nyeupe. Niliipasua kwa JPEXS nikatoa michoro kumi na moja na sauti ya msimulizi, nikazipanga kwenye slaidi. Picha hazitembei, lakini mshale wa mkojo unaonekana uendako. Folda nzima pamoja na Ruffle nikamnakilia ili abofye mara moja tu darasani.

"Utabebea nini, mwalimu?"

Akafungua mkoba. "Si nimekwambia flashi imekufa?" Na kweli, na ile ya USB nayo ilikuwa imekufa. Nikamuuzia nyingine, ya GB 16.